Kipupwe: Jinsi mpiga kasia anavyoweza kujikinga na baridi ya majini

KILA mwaka kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu hutanda juu ya milima ya Dawida na wakazi wa Mwanda, Kaunti ya Taita Taveta, hulazimika kutoa makoti mazito sandukuni. Manyunyu ya alfajiri huloweka mashamba ya mteremkoni, na abiria wa bodaboda anayeelekea Wundanyi hutambua upesi maana ya upepo kupenya nguo zilizolowa.

Kwa mwenyeji wa huko, baridi si jambo geni. Amelelewa nayo na anajua kwamba koti, sweta na moto wa jikoni ni vitu visivyofanyiwa mzaha msimu huo.

Lakini kaunti hiyo hiyo ina maziwa. Ziwa Jipe na Ziwa Chala, yote mawili yakiwa mpakani mwa Kenya na Tanzania, yako upande wa Taveta, katika nyanda za chini zenye jua kali. Kijana wa Mwanda anayeteremka kwenda kuvua huko huenda akaliacha koti lake nyumbani, akiamini kwamba ameipa baridi kisogo.

Imani hiyo ina kasoro kubwa. Baridi impatayo mtu akiwa juu ya mtumbwi, nguo zikiwa zimelowa na upepo ukivuma, hufanya kazi kwa kasi kuliko ile ya mlimani. Tena humnyemelea mtu polepole, hata asijue kwamba amepungukiwa na nguvu mpaka kasia linapomponyoka mkononi.

Ni muhimu basi kufahamu namna mwili unavyopoteza joto majini, na hatua ambazo mpiga kasia anaweza kuchukua kabla ya kung'oa nanga, akiwa safarini na baada ya ajali.

Chanzo cha baridi

Wataalamu wa hali ya hewa wanaeleza kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 na nusu za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mtu anapopanda juu. Mlima Vuria, ulio mrefu zaidi katika milima ya Taita, una kimo cha mita 2,208, ilhali mji wa Voi uko karibu mita 600 tu kutoka usawa wa bahari. Tofauti hiyo pekee yatosha kueleza ni kwa nini mtu hutokwa na jasho Voi na kutetemeka milimani siku iyo hiyo.

Mbali na kimo, kuna upepo. Kipupwe huja wakati wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini kati ya Aprili na Septemba. Upepo huo hubeba unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na unapoigonga milima ya Taita hupanda, hupoa na kugeuka kuwa mawingu na ukungu.

Baharini, kusi ndio msimu ambao wavuvi wengi wa Pwani hukaa ndani ya miamba, kwa kuwa mawimbi ya nje huwa makubwa mno kwa mitumbwi na ngalawa zao. Maji nayo hupoa. Bahari ya Kenya, ambayo hufikia nyuzi 28 hadi 30 mwezi wa Machi na Aprili, hushuka hadi nyuzi 24 au 25 kufikia Agosti.

Hatari za msimu huo zilidhihirika Julai 18, 2012, wakati meli ya MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar ilipozama karibu na kisiwa cha Chumbe kutokana na upepo na mawimbi makali. Watu wengi walipoteza maisha. Ikiwa meli yenye injini inaweza kushindwa na kusi, mtumbwi wa mti mmoja hauna budi kuuheshimu zaidi.

Mwili unavyopoteza joto

Mwili wa binadamu hufanya kazi vyema ukiwa na joto la nyuzi 37 hivi. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huwa amepatwa na hali ambayo madaktari huiita haipothemia, yaani mwili kupoa kupita kiasi.

Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayokadiriwa kuwa mara 25 kuliko hewa yenye nyuzi zile zile. Ndiyo sababu mtu anaweza kukaa kivulini kwa starehe katika hewa ya nyuzi 25, lakini akitumbukia katika maji ya nyuzi 25 na kukaa humo kwa muda mrefu, ataanza kutetemeka. Maji hayo kwake si ya moto; yamepungua kwa nyuzi 12 kuliko mwili wake.

Si lazima mtu azame ndipo adhurike. Mpiga kasia hurushiwa maji na mawimbi, maji hujikusanya mtumbwini miguuni pake, na nyavu anazozivuta humlowesha mikono hadi mabegani. Nguo iliyolowa hukoma kuwa kinga, na badala yake hugeuka kuwa njia ya kupitishia joto kutoka mwilini kwenda nje.

Upepo nao huzidisha madhara. Kwa kawaida mwili huzungukwa na tabaka jembamba la hewa yenye joto. Upepo ukivuma, tabaka hilo huondolewa kila mara, na maji yaliyo kwenye nguo na ngozi hukauka yakienda na joto la mwili. Mvuvi aliyelowa saa kumi alfajiri, akipigwa na upepo, anaweza kuhisi baridi kali hata kama kipimajoto hakionyeshi jambo la kutisha.

Watoto na watu wembamba hupoa haraka zaidi. Kadhalika, mtu mwenye njaa, mchovu au mgonjwa hana akiba ya nguvu ya kuzalisha joto.

Hatari huanza mikononi

Watu wengi hudhani kwamba baridi ya majini huua kwa kuugandisha mwili. Ukweli ni kwamba mara nyingi mtu hufa maji kabla mwili haujapoa kiasi hicho.

Hatua ya kwanza ni mshtuko. Mtu anapoanguka ghafla katika maji baridi, hasa yaliyo chini ya nyuzi 15, huvuta pumzi kwa nguvu bila kukusudia. Kichwa chake kikiwa chini ya maji wakati huo, atavuta maji mapafuni. Mshtuko huu hupungua baada ya dakika moja au zaidi kidogo, na anayeweza kutulia na kuelea kwa muda huo huwa ameshinda hatari ya mwanzo.

Hatua ya pili ni kuishiwa na nguvu za mikono na miguu. Mwili, kwa kuulinda moyo na ubongo, hupunguza damu inayokwenda viungoni. Vidole huwa vizito, mtu hushindwa kufunga kamba, kushika kasia au kujivuta juu ya chombo. Katika maji baridi sana hali hiyo huja kwa dakika chache. Katika maji ya kwetu huchukua muda mrefu zaidi, lakini mvuvi aliyekesha akivuta nyavu huwa amekwisha kufika nusu ya safari hiyo kabla mtumbwi haujapinduka.

Hatua ya tatu ndiyo haipothemia yenyewe. Mtu hutetemeka kwa nguvu, hujikwaa katika maneno na kufanya maamuzi yasiyo na mantiki. Joto la mwili likikaribia nyuzi 32, kutetemeka hukoma. Wenzake wasidhani kwamba amepata nafuu. Hiyo ni dalili kwamba mwili umeshindwa kujitetea, na kinachofuata ni kupoteza fahamu.

Mfano ambao ulimwengu haujausahau ni ule wa meli ya Titanic, iliyozama Aprili 15, 1912 katika Bahari ya Atlantiki. Zaidi ya watu 1,500 walikufa. Wengi wao walikuwa wamevaa majaketi ya kujiokoa na hivyo hawakuzama. Waliuawa na maji yaliyokuwa baridi kuliko barafu inayoyeyuka.

Funzo kutoka Afrika Kusini

Wapo wanaopiga kasia katika baridi kwa hiari yao. Nchini Afrika Kusini na Australia kuna mchezo wa mitumbwi myembamba na mirefu iitwayo safuski, ambayo chimbuko lake ni waokoaji wa fuoni. Mchezaji huketi juu ya mtumbwi huo, si ndani yake, kwa hiyo hulowa tangu mwanzo wa safari hadi mwisho.

Mjini Cape Town, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ya baridi kama ilivyo Mwanda, na maji ya upande wa Atlantiki yanaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 13. Wachezaji hao wamejifunza kanuni ambazo zingemfaa hata mvuvi asiyewahi kuisikia safuski.

Kanuni ya kwanza ni kuvaa kwa kufikiria maji, si hewa. Jua likiwaka asubuhi, mtu hushawishika kuondoka na fulana. Mchezaji mwenye busara hujiuliza swali moja tu: nikianguka majini sasa hivi na kukaa humo kwa saa nzima, nguo hizi zitanisaidia?

Kanuni ya pili ni kujifunga kwenye chombo. Safuski ni nyepesi, na mtu akianguka upepo huipeperusha kwa kasi ambayo hata muogeleaji hodari hawezi kuifikia. Kwa sababu hiyo wachezaji hujifunga kamba kutoka mguuni hadi kwenye mtumbwi.

Kanuni ya tatu ni kutokwenda kimyakimya. Huwaarifu watu wa nchi kavu kuhusu njia watakayofuata na saa ya kurudi, hubeba simu katika mfuko usiopenya maji, na hutembea zaidi ya mmoja. Shirika la uokoaji baharini la nchi hiyo, NSRI, lina hata programu ya simu inayofuatilia safari ya mtu na kutoa tahadhari asiporejea kwa wakati.

Mavazi bila gharama kubwa

Wachezaji hao huvaa vazi la mpira wa neoprini linaloubana mwili. Vazi hilo ni ghali na mvuvi wa Jipe hawezi kulaumiwa kwa kutokuwa nalo. Hata hivyo, kanuni iliyo nyuma yake yaweza kufuatwa kwa nguo za kawaida.

Nguo za pamba, kama vile fulana na suruali za jinzi, hunywa maji mengi, huchelewa kukauka na zikilowa hazihifadhi joto. Sweta ya sufu ni afadhali, kwani sufu huendelea kutunza joto kiasi hata ikiwa imelowa. Nguo nyepesi za nailoni au poliesta, kama zile za michezo, hukauka upesi na hufaa kuvaliwa karibu na ngozi.

Juu ya hizo panahitajika kitu cha kuzuia upepo. Koti la mvua la plastiki, ambalo kila mkazi wa Mwanda analijua, hutosha. Lisiwe zito wala refu kiasi cha kumfunga mtu miguu akianguka. Viatu vya mpira virefu pia vina hatari, kwani hujaa maji na kumlemea mtu anapojaribu kupanda chomboni.

Kofia ya sufu isidharauliwe, hasa kwa wanaovua usiku. Kadhalika, nguo kavu za kubadilisha zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki au ndoo yenye kifuniko. Chupa ya chai tamu na chakula kidogo humpa mtu nguvu za kuzalisha joto.

Juu ya yote, jaketi la kujiokoa livaliwe na kufungwa. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halimfai mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi. Mbali na kumwelesha mtu, jaketi hulikinga eneo la kifua lisipoteze joto haraka.

Pombe haina nafasi katika safari hiyo. Wapo wanaoamini kwamba tembo au pombe kali huupasha mwili moto. Pombe huipanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mtu akahisi joto kwa muda, kumbe joto hilo ndilo linalotoka mwilini. Isitoshe, humwondolea uangalifu anaouhitaji kuliko kitu kingine chochote.

Mtumbwi ukipinduka

Ziwa Jipe, linalopokea maji ya Mto Lumi kutoka Kilimanjaro, halina kina kirefu. Kwa wastani halifiki mita tatu. Hilo huwafanya baadhi ya watu kulidharau. Lakini chini kuna matope, kandokando kuna matete na magugu mazito yanayoweza kuuziba mkondo wa mtumbwi, na majini kuna viboko na mamba.

Chala ni kinyume chake. Ni ziwa la kreta lenye kina cha karibu mita 90, na kingo zake ni kuta za mwamba. Anayepinduka hapo hawezi kutoka nje popote apendapo.

Katika hali zote mbili, ushauri ni mmoja: usiachane na chombo. Mtumbwi wa mbao huelea hata ukijaa maji, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Aliyepinduka ajitahidi kupanda juu yake ili sehemu kubwa ya mwili iwe nje ya maji. Hata kama upepo unampiga, hewa humpoza polepole kuliko maji, na penye mamba kila kiungo kilicho nje ya maji ni faida.

Kuogelea kuelekea ufuoni ni uamuzi wa mwisho kabisa. Umbali juu ya maji hudanganya macho, na kurusha mikono na miguu husukuma damu yenye joto kwenye ngozi ikapoe. Waogeleaji wengi hodari wamekufa kwa kuitegemea nguvu yao.

Asiyeweza kupanda juu ya chombo, ikiwa amevaa jaketi, na akunje magoti hadi kifuani, abane mikono ubavuni na kutulia. Wakiwa wengi, wakumbatiane kwa karibu na kuwaweka watoto katikati.

Huduma ya kwanza

Aliyeokolewa aondolewe penye upepo, avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe bila kusuguliwa na kufunikwa kwa blanketi mwili mzima pamoja na kichwa. Atandikiwe kitu chini yake, kwani ardhi baridi huvuta joto. Pasipo na blanketi za kutosha, joto la mwili wa mtu mwingine aliyelala naye chini ya shuka moja ni tiba ya haraka.

Kama ana fahamu timamu na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha moto kiasi chenye sukari. Aliyezimia asinyweshwe chochote.

Kuna makosa ambayo watu huyafanya kwa nia njema. Kumkanda mikono na miguu, kumlazimisha atembee, au kumweka karibu kabisa na moto kunaweza kuirudisha ghafla damu baridi ya viungoni hadi moyoni na kuvuruga mapigo yake. Kiwiliwili ndicho kipashwe kwanza, tena polepole, na mtu abaki amelala.

Aidha, mtu aliyepoa sana anaweza kuonekana kama maiti huku moyo wake ukipiga kwa udhaifu. Asikatiwe tamaa. Asiyepumua apuliziwe pumzi na kubonyezwa kifua na anayejua kufanya hivyo, huku msaada ukiitwa kupitia nambari 999 au 112 na mipango ya kumfikisha hospitalini ikifanywa.

Jiko la makaa

Hatari moja humngoja mpiga kasia hata baada ya kufika nyumbani. Akiwa bado anatetemeka, huingiza jiko la makaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Wakazi wa sehemu za baridi kama Mwanda nao hushawishika kufanya hivyo kila kipupwe.

Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu mahali ambapo oksijeni ingepaswa kukaa. Mtu huumwa na kichwa, hupata kizunguzungu na usingizi mzito, na huenda asiamke. Kutokuwapo kwa moshi si dalili ya usalama. Jiko liwashwe nje au penye hewa inayopita, na litolewe kabla ya kulala.

Jukumu la wote

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji kote ulimwenguni mwaka 2021. Umoja wa Mataifa, kwa azimio la mwaka huo huo, uliitenga Julai 25 kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo hivyo. Tarehe hiyo huangukia katikati ya kipupwe.

Nchini Kenya, Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Juni hadi Agosti pamoja na tahadhari za upepo mkali. Mamlaka ya Masuala ya Bahari (KMA) husimamia usalama wa vyombo, na Huduma ya Walinzi wa Pwani iliundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Lakini hakuna ofisi inayoweza kumvalisha mvuvi jaketi alfajiri kabla hajausukuma mtumbwi wake majini.

Kazi hiyo ni yake mwenyewe, na ya jamaa zake wanaomuaga mlangoni. Wenye vyombo nao, wanaowaajiri vijana kwa siku, wanapaswa kuhesabu jaketi kuwa sehemu ya chombo kama vile kasia lilivyo.

Mkazi wa Mwanda hahitaji kuambiwa kwamba mtu haendi shambani alfajiri ya Julai akiwa kifua wazi. Akiteremka ziwani, na aende na hekima hiyo hiyo, akikumbuka kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake, wala hujui baridi yake.